Mafundi wa mitungi ya zimamoto, safisheni mashine kabla ya kubadili poda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe dukuduku langu. Mimi ni fundi wa mitungi ya kuzimia moto hapa Keko, Dar es Salaam. Ninaihudumia ile mitungi midogo myekundu mnayoiona pembeni ya kiti cha dereva wa daladala, kwenye korido za shule na gesti, kwenye maduka ya Kariakoo na kwenye vituo vya mafuta. Naifungua, naikagua, najaza poda, napandisha presha, nairudisha kwa mwenyewe. Ninachotaka kukisema leo ni kwamba zipo karakana mjini zinazojaza poda za aina mbili kwa mashine moja, na mashine hiyo haisafishwi wakati wa kutoka poda moja kwenda nyingine. Wenye mitungi hawajui, na wanaokuja kukagua hawaulizi.

“Poda ni poda, bwana.” Kauli hii naisikia kila mara, hata kwa watu wa fani yangu, na si kweli hata kidogo. Poda inayoandikwa ABC kwenye lebo imetengenezwa hasa kwa monoamoniamu fosfeti. Hiyo inazima moto wa vitu vikavu kama mbao, nguo na karatasi, inazima wa mafuta na inazima wa gesi. Ikipata joto la nyuzi kama 190 inayeyuka na kutandaza utando juu ya kile kinachoungua, hewa ikakosa njia. Inayoandikwa BC mara nyingi ni sodiamu baikaboneti. Kwenye mafuta na gesi inafanya kazi nzuri sana, ila kwenye godoro au mbao inaua mwali tu. Kaa linabaki chini, na ukigeuka moto umerudi.

Kwa rangi huwezi kuzitofautisha. Kila kiwanda kinatia rangi yake. Nimeshika ABC ya njano, ya bluu hafifu na nyeupe, na BC nimeiona nyeupe na ya bluu vilevile. Anayekuambia “hii nyeupe ni BC, naijua kwa macho” anabahatisha na maisha ya watu.

Sasa kwa nini zisikutane? Fosfeti ile ina asili ya asidi na baikaboneti ina asili ya alkali. Zikiwa kavu kabisa zinaweza kukaa pamoja bila neno. Zikipata unyevu zinaanza kushambuliana, inatoka hewa ukaa na yanatoka maji, na maji hayohayo yanaiendeleza kazi iliyoanza. Mama yeyote anayepika keki anaijua kazi hii, maana beking pauda ni baikaboneti iliyochanganywa na asidi kavu, inangoja tone la maji ianze kuumuka. Tofauti ni kwamba unga wa keki uko kwenye bakuli lililo wazi. Mtungi wa kuzimia moto umefungwa kwa vali ya chuma, na ndani yake tayari tumeshindilia presha ya kama bar 12 hadi 15. Hewa inayozaliwa humo haina pa kwenda. Kanuni ya Marekani ya mitungi hii, NFPA 10, inaonya wazi kwamba kuchanganya poda ya ABC na zile za asili ya alkali kunaweza kuzalisha presha ya kuupasua mtungi.

Na mji wetu ni wa pwani. Mtu wa Dar anajua chumvi ya mezani inavyolowa wakati wa masika. Poda iliyoachwa wazi kwenye karakana ya bati mwezi wa Aprili inavuta unyevu huohuo. Halafu wako wanaopandisha presha kwa kompresa ya kujazia matairi. Fungua koki ya chini ya tangi la kompresa hiyo jioni uone maji yanayotoka. Maji yale mchana kutwa yalikuwa yanasafiri na hewa kuingia kwenye mitungi. Mtungi wa poda unatakiwa naitrojeni kavu. Naitrojeni ina gharama, najua, mimi pia nainunua.

Hivi karibuni dereva wa basi la shule kutoka upande wa Mbagala aliniletea mtungi wa kilo 6. Alikuwa na haraka, anataka stika tu.

“Fundi, huu niwekee stika, mshale si uko kwenye kijani?”

Nikautazama mshale wa geji ya presha. Ulikuwa umevuka kijani, umelalia upande wa presha kubwa. Nikamwambia, “Kaka, subiri kwanza niugeuze.” Nikaugeuza kichwa chini, nikaweka sikio ubavuni. Mtungi mzima unasikika, poda inateremka ndani kwa sauti laini, unaisikia mpaka inapotulia. Huu ulikuwa kimya. Nikaugonga kwa kiganja, kimya.

Niliutoa presha taratibu, uso nimeuweka mbali, yule dereva nimemsimamisha nje kabisa. Nilipofungua vali, bomba la ndani lilitoka na bonge limeng'ang'ania mwisho wake. Nikamulika tochi. Chini kulikuwa na poda ya njano, juu yake nyeupe, na pale zilipokutana pameganda tabaka gumu ambalo kijiti cha mbao hakikulitoboa. Nilichota kidogo ya juu kwenye kisosi, nikatia tone la sabuni ya maji, nikakamulia ndimu, ikachemka kwa povu mpaka ikamwagika pembeni. Ya njano ya chini haikuchemka. Lebo ya kiwandani ilisema ABC. Ilivyo ni kwamba mtu alikuta mtungi umepungua, hakuumwaga, akaujazia juu kwa poda aliyokuwa nayo, akapandisha presha, akabandika stika. Stika yenyewe ilikuwa bado mpya, ina tarehe na mhuri. Mahali pa kuandika aina ya poda hapakuwepo.

Mtungi ule ulikuwa unakaa karibu na injini, ndani ya basi la watoto, jua la mchana likipiga bati. Moto ungetokea, usingetoa kitu. Moto usipotokea, presha ilikuwa inapanda yenyewe. Dereva aliposhika kile kisosi chenye povu alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama na ile mingine ya mabasi ya shule yao ilijazwa palepale. Nikamwambia ailete yote.

Huo ulikuwa ni uzembe wa wazi, wa mtu kumimina poda moja juu ya nyingine. Kinachonisumbua zaidi ni ule uchanganyaji usioonekana, unaotokea kwenye mashine ya mtu mwenye nia njema ambaye hakufundishwa kusafisha. Wasomaji wengi hawajaiona mashine hii, kwa hiyo nieleze. Ni kama pipa dogo lenye kidirisha cha kioo, lina mota ya kunyonya juu na mpira mnene pembeni. Mpira unavuta poda kutoka kwenye mfuko wa kilo 25 au kutoka kwenye mtungi wa zamani, poda inakaa ndani ya pipa, kisha chini kuna mdomo unaoingia shingoni mwa mtungi mpya na kuishusha. Ukimaliza, pipa linaonekana tupu. Fundi anagonga ubavuni mara kadhaa, anaridhika, anachomeka mpira kwenye mfuko wa poda ya pili.

Pipa lile si tupu. Mficho mkubwa kuliko yote ni kichujio kinachokaa chini ya mota. Mikunjo ya kitambaa chake inashika poda nyingi kuliko unavyodhani, na mota ikiwashwa tena au pipa likigongwa, poda hiyo inadondoka juu ya poda mpya. Kichujio hakisafishiki hadi ukakiamini. Dawa yake ni kuwa na vichujio viwili, kila kimoja kimeandikwa kwa wino usiofutika, kimoja hakigusi poda ya mwenzake maisha yake yote. Mficho wa pili ni mpira wenyewe, hasa ule wenye mbavu ndani. Kila ubavu una vumbi lake. Nao pia uwe miwili. Wa tatu ni gasketi ya mfuniko, poda hujibana chini ya mdomo wake na huioni mpaka uibandue. Kisha kuna koki ya mdomo wa chini, faneli, kisosi cha mizani, na brashi yenyewe unayosafishia, ambayo watu huisahau kabisa. Brashi iliyopangusa ABC asubuhi inaipeleka ABC kwenye BC mchana.

Kusafisha kunakuwa kukavu. Unatoa poda yote iliyobaki, unairudisha kwenye mfuko wake ilikotoka na kuufunga. Unapiga brashi kavu kuanzia juu kushuka chini, unapuliza naitrojeni kwenye pembe zote, unapangusa kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, barakoa umevaa. Maji usiyalete karibu. Ukiosha pipa kwa maji halafu ukalianika nusu saa, umeingiza kilekile tunachokikimbia. Kama ni lazima kuosha, mashine ilale kazi mpaka iwe imekauka kila kiungo, na kipindi cha mvua hiyo ni habari ya siku nzima au zaidi. Mwisho unavuta poda mpya kidogo, unaizungusha ndani ya pipa, unaitoa na kuitupa, usiione huruma. Ndipo unaanza kujaza.

Mtungi nao una usafi wake. Vali inafunguliwa, springi na kijiti chake vinatolewa, bomba la ndani linapulizwa pande zote mbili, mpira wa kutolea na pua yake vilevile. Bomba la ndani ndilo linalodanganya, kwa nje linang'aa na ndani limevaa poda ya miaka. Oringi, ule mpira wa duara unaoziba vali, ikichoka inabadilishwa. Unamulika tochi ndani, unatafuta kutu na unyevu. Na mtungi unabaki na poda ile ile uliyotengenezewa. Mtungi wa ABC haujazwi BC kwa sababu BC ni nafuu. Lebo imeahidi moto wa mbao utazimwa, na mwenye nyumba ataiamini lebo hiyo usiku wa tukio.

Mimi siku hizi nina mashine mbili, moja ya ABC na moja ya BC, kila moja upande wake wa karakana, na vifaa vyake vimepigwa rangi tofauti mpaka vijiko. Nilichelewa kununua ya pili kwa sababu ya fedha, na kabla ya hapo nilikuwa natenga siku za ABC na siku za BC ili usafi mkubwa ufanyike mara chache. Asiye na uwezo wa mashine mbili anaweza kuanza hivyo. Mteja anangoja siku mbili, haimuui.

Kuna jambo moja linanichoma zaidi ya yote, ni pipa la mabaki. Katika baadhi ya karakana kuna pipa moja ambamo poda ya kila mtungi unaofunguliwa inamwagwa, ABC, BC, iliyoganda, iliyonywea, yote humo. Inachekechwa, mabonge yanatupwa, unga unarudi kwenye mitungi ya watu kwa bei ya chini. Poda iliyotolewa kwenye mtungi inaweza kutumika tena, sikatai, ikiwa unaijua ni aina gani, ni kavu, na imetoka kwa mashine iliyofungwa bila kuchanganyika. Ya pipa la mabaki hakuna anayeijua. Hiyo haifai kwa kazi yoyote ya moto na iondolewe karakanani.

Marehemu aliyenifundisha kazi hii alikuwa anapenda kunisimulia habari za wenzetu wa Marekani wanaojaza risasi zao wenyewe kwa ajili ya mashindano ya shabaha na uwindaji. Kanuni yao ni kwamba mezani panakaa kopo moja la baruti, yale mengine yako kabatini. Akimaliza aina moja, anairudisha yote kwenye kopo lake la asili siku ileile, anafungua kipimio, anakipiga brashi mpaka kwenye pembe, anachungulia kama kuna punje imebaki. Kuna baruti inayowaka upesi, ya bastola, na kuna inayowaka polepole, ya bunduki ndefu. Kuzikosea ni kulipukiwa mikononi. Na baruti ambayo hakumbuki imetoka kopo gani haitumii, hata iwe nyingi vipi. Mzee alikuwa anasema wale wanaogopa kwa sababu bunduki iko karibu na uso wao wenyewe. Sisi mtungi tunaoujaza unakwenda kukaa karibu na uso wa mtu mwingine, ndiyo maana alinitaka niogope zaidi yao. Bado naogopa.

Najua mafundi wenzangu watasema nawaharibia riziki. Bei ya kujaza mtungi mjini imeshuka mpaka haitoshi kulipia naitrojeni, achilia mbali muda wa kusafisha. Mteja anakuja na swali moja tu, stika shilingi ngapi. Dereva anataka ya kumwonyesha trafiki, mwenye gesti anataka ya kumwonyesha mkaguzi. Fundi anayesafisha mashine anaonekana mzito na mwenye bei, anayebandika stika bila kufungua vali anapata foleni ya wateja. Hili haliwezi kurekebishwa na fundi mmoja mmoja.

Kwa hiyo naliomba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo kwa sheria ya mwaka 2007 ndilo lenye dhamana ya mambo haya, litazame karakana zinazojaza mitungi na lisiishie kwenye mitungi iliyoning'inizwa ukutani. Mkaguzi akifika aombe kufunguliwa mashine. Achomoe kichujio, apitishe kidole chini ya gasketi ya mfuniko, aulize poda gani ilijazwa jana na ipi leo. Anayejaza aina zote mbili aonyeshe vichujio viwili na mipira miwili, au aonyeshe daftari la siku alizosafisha. Na stika ya mtungi iandikwe aina ya poda iliyowekwa, gesi iliyotumika kupandisha presha, uzito baada ya kujazwa na jina la karakana kwa maandishi yanayosomeka. Hayo yanaingia kwenye karatasi ileile, haihitaji bajeti mpya. Siku mtungi ukikutwa umeganda, tutajua pa kwenda kuuliza.

Wenye shule, wenye mabasi, wenye maduka na wenye gesti, nanyi nawaomba. Ukipeleka mtungi, soma lebo ya kiwandani kabla hujauacha, mwambie fundi “huu ni ABC, naomba ABC”, mwombe ufunguliwe mbele yako. Fundi akikuambia hakuna haja ya kufungua, atajazia tu juu, beba mtungi wako uondoke. Nyumbani au kwenye gari, kila mwezi ugeuze kichwa chini usikilize kama poda inateremka, tazama mshale haujashuka wala kuvuka kijani. Ukiwa umevuka, usiufungue mwenyewe na usiubonyeze kujaribu, utoe kwenye gari, uweke kivulini mbali na watu, umwite mtu anayeijua kazi.

Kwa mafundi: kipimo cha ndimu ni cha bei ya ndimu. Chota poda kijiko kimoja, tia tone la sabuni ya maji kwa sababu poda nzuri imepakwa silikoni na inakataa kulowa, kamulia ndimu, koroga. Ikichemka kwa nguvu ni baikaboneti. Vipovu viwili vitatu visikufanye uhukumu, poda nyingine zina vijazio vyake. Na kama baada ya hapo bado hujui umeshika nini, usiijaze kwenye mtungi wa mtu.

Ile mitungi mingine ya mabasi ya shule ililetwa. Baadhi ilikuwa salama, baadhi nimeishikilia na nimemwandikia mwenye shule barua kumweleza kwa nini hairudi barabarani. Karakana yangu iko wazi kwa mkaguzi yeyote atakayetaka kuiona poda hiyo. Nimeiweka kwenye ndoo, kavu, aina mbalimbali, na kila ndoo ina jina lake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa mitungi ya zimamoto,
Keko, Dar es Salaam